Kupaka rangi na kupima visiwa vya Langerhans kwenye kongosho lenye makovu

Kongosho likivimba kwa miaka, seli za asini zinazotengeneza vimeng'enya hutangulia kufa, na makovu hujaza nafasi. Visiwa vya Langerhans, yaani vishada vya seli zinazotengeneza homoni, hustahimili zaidi, ila mchanganyiko wa seli zake hubadilika. Seli beta za insulini hupungua, alfa za glukagoni huonekana kutawala, na wagonjwa wengi hupata kisukari cha aina ya 3c, kinachotokana na ugonjwa wa kongosho.

1. Tishu

Formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara kumi ya tishu, saa 24. Usicheleweshe, kwa kuwa kongosho hujimeng'enya. Kwenye kaseti andika kama ni kichwa, mwili au mkia. Vijiwe vya chokaa vinavyoonekana vitolewe kwa koleo, la sivyo vitatia kisu pengo na slaidi zote zitatoka na michirizi. Vikiwa vidogo mno, loweka tishu kwenye EDTA, inayoondoa chokaa polepole, kabla ya nta. Asidi kali iache, inaharibu antijeni, yaani protini ambazo kingamwili za kupakia hushika.

2. Kukata

Vipande sita mfululizo vya mikroni 4: hematoksilini na eosini (rangi ya kawaida ya tishu), sinaptofisini (alama ya seli zote za kisiwa), kisha homoni nne: insulini, glukagoni, somatostatini, na polipeptidi ya kongosho (PP). Tumia slaidi zenye chaji, kisha oveni ya nyuzi 60 kwa saa moja. Tishu ya makovu hubanduka kirahisi.

3. Kufichua antijeni na kupaka

Formalini huficha antijeni, na joto huzifichua. Maelekezo mengi yanayokuja na kingamwili yanataka bafa ya nyuzi 95 hadi 98. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria ya wazi itatokota mpaka bafa ikauke bila kufika huko. Tumia sufuria ya presha: bafa ya sitreti ya pH 6.0, dakika 3 tangu presha ipande, kisha iache ipoe kwa dakika 20 slaidi zikiwa ndani. Insulini mara nyingi haihitaji kuchemshwa kabisa. Ijaribu bila hilo kwanza.

Peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3, dakika 10. Kwa kuonyesha kingamwili ilikoshika, tumia mfumo wa polima. Mfumo wa avidini na biotini usiuguse hapa, hata ukiupata bure, kwani kongosho lina biotini yake na asini zitageuka kahawia zote. Kila awamu iwe na slaidi ya kongosho lisilo na ugonjwa na nyingine isiyotiwa kingamwili ya kwanza.

4. Kupima

Hapa ndipo matokeo mengi huharibikia. Pima eneo, usihesabu seli moja moja. QuPath, programu ya kuchambua picha za slaidi, ni ya bure na inatosha. Kama huna skana, piga picha kwa lenzi ya 20 na uweke kipimo kwa kutumia slaidi ya mikromita.

Swali ni unagawanya kwa nini. Tuseme kipande cha milimita mraba 100 kina visiwa vya milimita mraba 2, yaani asilimia 2. Asini zikinyauka kibaki milimita mraba 25, visiwa vilevile sasa ni asilimia 8. Hakuna kisiwa kilichoongezeka. Bila uzito wa kongosho lote, usiandike kwamba visiwa vimezidi.

Ndani ya kisiwa nako kuna mtego. Beta 60 na alfa 30 zikiwepo, kisha beta 30 zikafa, alfa zinapanda kutoka theluthi hadi nusu bila kuzaliwa hata moja. Kwa hiyo toa namba mbili kila mara: uwiano wa homoni, na eneo la kila homoni likigawanywa kwa eneo la sinaptofisini. Kromogranini A, alama nyingine ya seli za homoni, siipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu hung'aa zaidi kwenye alfa kuliko beta. Sinaptofisini ikishika mahali insulini imekosekana na homoni nyingine pia hazipo, huenda beta ipo ila imeishiwa chembechembe. Usiihesabu kuwa imekufa.

Halafu PP. Sehemu ya nyuma ya kichwa cha kongosho hujaa seli hizi hata kwa mtu mzima wa afya, na visiwa vyake havina umbo la mviringo. Linganisha kichwa na kichwa, mkia na mkia. Kaseti isiyo na jina la sehemu iondoe kwenye hesabu ya PP.

5. Kabla ya ripoti

Visiwa vilivyosongamana ndani ya kovu, hasa kando ya neva, hufanana na uvimbe wa nyuroendokrini, yaani uvimbe wa seli za homoni. Angalia homoni zote nne: zikiwa zimechanganyika ndani ya vishada vilevile, elekea kwenye visiwa. Homoni moja ikitawala eneo lote nje ya sehemu yenye PP nyingi, mwite mwanapatholojia.