Zebaki kwa moshi wa tanuri ama boila: jinsi ya kuchagua kaboni na kuitumia ifanye kazi

Kama unaendesha tanuri la kuchoma taka za hospitali, ama boila ya makaa ya mawe huko Industrial Area, ama uko Athi River kwa simiti, usiagize gunia hata moja la kaboni amilifu, ule unga mweusi wenye matundu mengi unaopulizwa kwa moshi unase zebaki, kabla hujajua moshi wako ukoje. Nasema hivi juu watu wengi wanaanza na bei, wanapiga simu wanauliza kilo ni ngapi, na kaboni ndio kitu cha mwisho kuamua.

Elewa zebaki yenyewe kwanza. Inachemka kwa nyuzi 357 na tanuri linapita 850, kwa hivyo karibu yote inatoka ikiwa mvuke, haibaki kwa majivu ya chini. Moshi ukianza kupoa, zebaki inajigawa mara tatu. Kuna inayokutana na klorini ikawa chumvi, hiyo inayeyuka kwa maji na kuishika si shida. Kuna inayoganda kwa vumbi, hiyo inaenda na vumbi kwa filta. Halafu kuna ile inabaki zebaki tupu, mvuke tu, na hii ndio inasumbua, haiyeyuki, inapita skraba (mtambo wa kuosha moshi kwa maji), inapita filta, inatoka kwa chimni. Taka za hospitali zina plastiki nyingi ya PVC, yenye klorini ndani, mifuko ya dripu na mirija, kwa hivyo klorini iko na sehemu kubwa inakuwa chumvi, lakini makaa ya mawe yenye klorini kidogo yanakuachia ile tupu. Ndio maana kaboni iliyomfaa jirani yako inaweza kukosa kukufaa wewe.

Kabla ya kaboni kuna kazi ya bure kabisa, kuzuia zebaki isiingie kwa moto. Themomita moja ya zebaki ina kama gramu 1. Kiwango kinachotumika Ulaya kwa matanuri ya taka kimekuwa mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya moshi, sasa piga hesabu, hiyo gramu moja inatosha kujaza mita za ujazo 20,000 mpaka kwa kiwango hicho. Themomita moja! Na mashine ya zamani ya kupima presha ina gramu 80 hadi 100. Ukipata moja kwa taka, siku hiyo hakuna kaboni itakuokoa. Kwa hivyo ongea na wauguzi na watu wa usafi huko wodini, themomita, mashine za presha, tyubu za taa na mabaki ya kujaza meno viwekwe kando kwa kontena yake, visikaribie mfuko wa kuchomwa.

Sasa tuchague. Kaboni amilifu ya kawaida ya unga inanasa vizuri ile chumvi, kwa hivyo kwa tanuri la hospitali mara nyingi inatosha. Kwa boila ya makaa ya mawe yenye klorini kidogo chukua iliyotiwa bromini, ni ghali zaidi kwa kilo lakini bromini inashambulia ile zebaki tupu na kuibadilisha hapo hapo juu ya kaboni, na unatumia kidogo. Iliyotiwa salfa inafunga zebaki kabisa, inakuwa zebaki salfidi, ila hiyo naipendea gesi iliyopoa na iliyo safi inayopita kwa tangi lililojazwa chembe za kaboni hiyo, kama wanavyofanya kwa gesi asilia. Zeolaiti na udongo mwingine ukiwa mtupu ni dhaifu kwa zebaki tupu, usikubali kuuziwa kama haujatiwa kitu. Na tafadhali usisage makaa ya jiko ukadhani umepata kaboni amilifu. Makaa hayo hayajapitishwa kwa mvuke wa nyuzi 800 hadi 1,000 unaofungua matundu, na ni matundu ndio yanafanya kazi, gramu moja ya kaboni nzuri ina eneo la ndani la mita za mraba 500 mpaka zaidi ya 1,000. Vifuu vya nazi vinatoa kaboni nzuri sana, lakini ni baada ya hiyo kazi.

Muuzaji akikuonyesha namba ya ayodini peke yake usitosheke, hiyo inakuambia matundu yako mengi, haikuambii zebaki itanaswa. Muulize asilimia ya bromini, unga ni laini kiasi gani, na unashika moto kwa nyuzi ngapi.

Joto ndio linaua miradi mingi. Kaboni ya kawaida inafanya kazi moshi ukiwa chini ya nyuzi 150 hivi, ukikaribia 200 inaanza kuachilia ilichonasa. Ya bromini inavumilia zaidi. Lakini usipoze kupita kiasi, juu asidi ya salfa itatonesha kwa mabomba na kuyala. Na hiyo salfa yenyewe inagombania nafasi na zebaki kwa matundu ya kaboni, kwa hivyo kama mafuta ama makaa yako yana salfa nyingi, puliza chokaa kwanza, kaboni ifuate.

Puliza kaboni baada ya kupoza na kabla ya filta ya mifuko, kwa mirija kadhaa isambae kwa bomba lote, ipate angalau sekunde moja au mbili ikiwa hewani. Filta ya mifuko ni ya maana sana hapa, kwa sababu kaboni inayokaa juu ya kitambaa inaendelea kunasa moshi unapopita. Filta ya umeme, ile inayovuta vumbi kwa chaji bila kitambaa, inataka kaboni nyingi zaidi. Kama una saikloni peke yake, ile inayozungusha moshi vumbi zito lianguke, acha kununua kaboni kwanza, unga huo laini mwingi utatoka kwa chimni ukiwa umebeba zebaki, weka pesa kwa filta.

Kipimo cha kaboni anza chini, makumi machache ya miligramu kwa mita ya ujazo ya moshi, ongeza kidogo kidogo, na upime kila hatua. Kupima ni kwa mirija miwili ya kaboni inayovuta moshi pamoja kisha inaenda maabara, majibu ya mirija hiyo yakitofautiana sana rudia.

Vumbi la kaboni kwenye hopa, ile faneli ya chini ya filta, linaweza kufukuta moto bila kuonekana, kwa hivyo toa kila mara, usiache lirundikane wikendi nzima. Na mtu asiingie ndani ya silo (tangi la kuhifadhia) ya kaboni bila kupima oksijeni, kaboni inaivuta na watu wanazimia humo.

Kaboni iliyotumika ndio sasa imebeba zebaki yote. Usiirudishe kwa tanuri, utaivukiza upya. Usiichanganye na majivu ya kutengeneza bloku, wala isiende jalala la Dandora. Iweke kwa mapipa yaliyofungwa na kuandikwa, pahali pakavu, na ibebwe na mtu mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na uhifadhi karatasi zake zote, maana mkaguzi akija hizo ndio ataulizia.