Kujua nani atastaafu mwaka gani: hatua kwa hatua kwenye Power BI

Wiki hii nilikaa na mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi hapa Lubumbashi. Mkubwa wake alitaka kujua watu wangapi watastaafu kila mwaka hadi 2035, na kutoka idara gani. Naandika tulivyofanya, maana kuna mahali palipotula mchana mzima.

Hatua ya 1. Fungua Power BI Desktop, programu ya Microsoft ya kuchambua data na kuchora grafu. Ni ya bure, inahitaji Windows, na inafanya kazi hata intaneti ikikatika. Leta faili lenye namba ya mfanyakazi, idara na tarehe ya kuzaliwa. Majina yaache.

Hatua ya 2, tarehe. Hapa tulia.

Faili letu lilikuwa CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato), tarehe zikiandikwa tunavyoandika Kongo: siku, mwezi, mwaka. Kompyuta ilikuwa imepangwa Kimarekani, mwezi unatangulia. 25/07/1964 ilileta kosa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Hilo afadhali, linaonekana. Hatari ni 03/07/1964: ilipita kimya, ikawa tarehe 7 Machi. Mwaka haukubadilika, kwa hiyo grafu ya miaka haikutushtua. Kumbe kwenye orodha ya miezi mtu wa Julai anaondoka Machi.

Tulibadilisha aina ya safu tena na tena, wapi. Sababu yake: Power Query, sehemu ya Power BI inayosafisha data, ikipokea faili huongeza yenyewe hatua ya kubadili aina, na ukirekebisha baada ya hapo unashika tarehe iliyokwisha kuharibika. Futa hatua hiyo kwanza, safu irudi kuwa maandishi. Kisha bonyeza alama ya aina kwenye kichwa cha safu, teua chaguo la mwisho kabisa, la mipangilio ya eneo, uweke Tarehe na Kifaransa cha Ufaransa.

Halafu kuna wazee ambao fishi zao zina mwaka tu, «vers 1962», yaani karibu 1962. Ukiandika 1962 peke yake kwenye seli ya tarehe ya Excel, inageuka 15 Mei 1905. Panga safu kuanzia tarehe ya zamani zaidi, utawakuta wamejikusanya juu. Mimi huwawekea 1 Januari ya mwaka wao, na safu ya pembeni inayosema ni makadirio, ili wakaulizwe vyeti mapema.

Hatua ya 3. Humo humo kwenye Power Query, tengeneza parameta ya namba (thamani unayoweza kuibadilisha mahali pamoja), iite Umri, uipe 65 au umri unaowahusu. Usiandike umri ndani ya fomula: watumishi wa Serikali na wanaochangia CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) hawafuati sheria moja. Ongeza safu mpya:

Date.AddYears([Kuzaliwa], Umri)

Wengi huhesabu umri kwa DATEDIFF ya miaka, fomula ya Power BI ya tofauti kati ya tarehe mbili. Siipendi kabisa. Inahesabu mara ambazo mwaka umegeuka, si miaka iliyotimia: aliyezaliwa 20 Desemba 1961 inampa 65 tarehe 1 Januari 2026, naye bado ana 64. Tafuta tarehe ya kustaafu, umri uache.

Hatua ya 4. Grafu ya nguzo: mwaka wa kustaafu chini, idadi ya namba za wafanyakazi juu, rangi kwa idara.

Usiwachuje ambao tarehe yao imekwisha pita na bado wako kazini. Wape nguzo yao, ya kwanza kushoto. Ndio wanaosubiri barua, na nafasi zao ndizo za kujazwa kabla ya nyingine.