Kupanga Alama za Tathmini Endelevu: Kutoka Silabasi hadi Mfumo wa UNEB

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda uanze kufundishwa katika kidato cha 1 mwaka 2020, kazi anayoifanya mwanafunzi darasani imekuwa sehemu ya cheti chake. Kati ya alama 100 za UCE, cheti cha sekondari ya chini kinachotolewa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, 20 hutokana na tathmini endelevu ya shuleni na 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Kundi la kwanza la mtaala huu, ambalo masomo yake yalikatizwa na kufungwa kwa shule wakati wa korona hadi Januari 2022, lilifanya mtihani huo mwaka 2024. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu wa taaluma wa shule moja ya wilaya ya Busia, yule tunayemwita DOS (Director of Studies), kukusanya alama za masomo yote. Shida zilizomlaza macho nimezikuta pia katika shule nyingine, na nyingi zinazuilika mapema.

Hatua ya 1: Anza na silabasi

Tumia silabasi yenyewe ya NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala, wala si yaliyomo ya kitabu cha kiada, kwa kuwa wachapishaji hupanga mada watakavyo. Andika azimio la kazi la muhula, na mbele ya kila mada onyesha wiki ambayo shughuli ya mjumuisho, yaani AOI (Activity of Integration), itafanyika.

Hatua ya 2: Tunga shughuli inayopima umahiri

Shughuli ya mjumuisho humpa mwanafunzi hali ya maisha na kumtaka atumie alichojifunza. Swali la “Taja sifa tano za tangazo” hupima kumbukumbu tu. Katika Kiswahili, mimi hupendelea hali za mahali ambapo lugha hii inahitajika kweli, kwa mfano:

Hali: Soko la mpakani lina wachuuzi wa Uganda na wa Kenya. Wachuuzi wapya wanatupa taka mferejini, na mvua ikinyesha maji yanafurika hadi vibandani.
Jukumu: Wewe ni katibu wa kamati ya soko. Andika tangazo la kuwaeleza wachuuzi pa kutupa taka, siku ya usafi na hatua itakayochukuliwa dhidi ya atakayekiuka.

Vigezo vya kusahihishia viandikwe siku hiyohiyo, kabla hujaona kazi hata moja. Mizani yetu inaishia 3. Kwa kigezo cha ujumbe, mwanafunzi aliyeeleza mambo yote matatu kwa namna ambayo mchuuzi angeweza kuyatekeleza anapata 3. Aliyeyataja yote lakini akaacha utata, kwa mfano siku ya usafi isiyo na saa, anapata 2. Aliyetaja jambo moja tu anapata 1. Vigezo vitatu au vinne vinatosha. Vikizidi hapo, mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 90 hatavisoma tena baada ya kazi ya kumi, ataanza kukisia.

Hatua ya 3: Andika alama kwenye daftari kwanza

Tumia daftari kubwa la jalada gumu, moja kwa kila mkondo. Najua wapo wanaoingiza alama kwenye simu moja kwa moja, lakini siwashauri hata kidogo: simu hupotea, umeme hukatika, na alama iliyobadilishwa kwenye simu haiachi alama ya kalamu. Kila safu iwe na tarehe na jina la shughuli. Ukirekebisha alama, kata ya zamani kwa mstari mmoja, andika mpya, tia sahihi.

Hatua ya 4: Hamishia kwenye lahajedwali

Hapa ndipo walimu hukesha usiku, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza, usichape majina upya. Chukua orodha ya usajili wa UNEB ya shule yako na uifanye kuwa orodha mama ya masomo yote. Daftari la darasani huandika majina kama wanafunzi wanavyoitwa, ilhali usajili huenda umetanguliza jina la ukoo. Hatari ni kubwa zaidi kwa pacha: Babirye na Nakato, au Wasswa na Kato, wanaokaa darasa moja na kushiriki jina la pili. Linganisha kwa namba ya mtahiniwa, kamwe si kwa jina peke yake. Namba ikianza na sifuri, programu ya lahajedwali huweza kuziondoa sifuri za mwanzo, hivyo ipe safu hiyo umbo la maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Pili, usipange majina kialfabeti ukiwa umechagua safu ya majina pekee. Majina yatahama na alama zitabaki palepale, na jedwali litaonekana safi kabisa huku kila mwanafunzi akiwa amebeba alama za mwenzake. Kwa yule mwalimu wa Busia, kosa hili lilijulikana tu kwa kuwa msichana hodari wa hesabu alitokea mkiani. Chagua jedwali zima, kisha baada ya kupanga chukua majina matano popote na uyalinganishe na daftari.

Tatu, angalia nukta ya desimali. Kwenye kompyuta iliyowekewa nukta, 2,1 yenye mkato huweza kusomwa kama maandishi, na fomula ya wastani huruka seli ya maandishi bila kutoa onyo lolote.

Nne, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, pengo si sifuri. Tuseme mwanafunzi amepata 2.4, 1.8 na 2.1, lakini shughuli ya nne hakuifanya kwa sababu alilazwa na malaria. Wastani wa kazi zake tatu ni 2.1, ukiugawa kwa 3 na kuzidisha kwa 20, unapata 14. Ukimjazia sifuri, wastani unashuka hadi 1.575 na alama yake inakuwa 10.5. Amepoteza alama tatu na nusu kwa kuugua. Wala pengo lisizibwe kwa alama ya kubuni ya kumhurumia. Mpe shughuli mbadala ya mada ileile akirudi, na hadi atakapoifanya acha seli wazi na uandike sababu pembeni. Sifuri ni ya aliyekuwepo na asiwasilishe kazi baada ya kukumbushwa, na hilo pia liandikwe.

Mwisho, usikadirishe wastani mapema. Acha desimali zote hadi hesabu ya mwisho.

Hatua ya 5: Hakiki na uwasilishe

Kila mwalimu atie sahihi kwenye nakala iliyochapwa ya somo lake, kisha mkuu wa shule. Fuata maelekezo ya UNEB ya mwaka husika kuhusu masomo, madarasa na tarehe ya mwisho, na usisubiri siku ya mwisho, kwa kuwa mtandao huelemewa. Hifadhi kazi za wanafunzi zenyewe: mkaguzi wa shule wa wilaya akiuliza 2.4 imetoka wapi, umwonyeshe karatasi.

Hatua ya 6: Rudisha alama darasani

Kaa na walimu wa idara muhula unapoanza na msome safu kwa safu, si mwanafunzi mmoja mmoja. Shughuli moja ikishusha darasa zima, soma tena swali lenyewe kabla ya kuwalaumu wanafunzi. Ikiwa swali lilieleweka, mada hiyo ipewe vipindi zaidi katika azimio la kazi lijalo. Ikiwa mkondo mmoja tu ndio ulioshuka, walimu wa mikondo yote wabadilishane kazi kumi kila mmoja, wazisahihishe upya kwa vigezo vilevile, na tofauti ya alama zao ijadiliwe papo hapo.