Mpe kijana pesa ya wiki, alafu usimwongezee

Wazazi wengi tunafundisha pesa kwa mdomo. Jioni baada ya chakula baba anamwita kijana, anamwambia pesa ni ngumu siku hizi, jifunze kuweka akiba, kijana anaitika ndio baba, kesho asubuhi anaomba ya bando. Hayo maneno hayashiki maana huyo mtoto hajawahi kushika pesa ambayo ikiisha watu wa nyumbani wanabadilisha chakula. Mi nachosema ni kimoja: kuanzia S.1 au S.2, yaani kidato cha kwanza au cha pili hapa kwetu Uganda, mpe pesa ya kweli, kwa kazi ya kweli ya hapo nyumbani, na ikiisha usiongeze. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Anza na soko wakati wa likizo. Chukua vitu ambavyo nyumba inatumia kila wiki, mboga, nyanya, sukari, mafuta, sabuni, makaa, hesabu huwa vinakula kiasi gani, tuseme kwenu ni shilingi 70,000, nyinyi mnajua yenu. Jumamosi asubuhi mpe zote mkononi umwambie hii ni mpaka Jumamosi ijayo, we ndo mwenye soko. Wazazi wengi wanakosea hapa, wanampa pesa pamoja na listi. Ukimpa listi umemtuma dukani tu, kazi hiyo hata mtoto wa P.3, darasa la tatu, anaifanya. Mwache aamue mwenyewe kama anunue nyama siku ya kwanza au vipi. Ila unga, maharagwe na dawa usiweke kwenye hiyo pesa, hivo viwe vimenunuliwa tayari ndani, ili akiharibu hesabu wadogo zake wasilale njaa. Hapo ndo mipaka ya hili somo ilipo, anajifunza lakini haumii mtu.

Wiki ya kwanza itakuwa hivi. Jumatano anakuja, "Mama, pesa imeisha." We usifoke. Muulize tu, "Imeishia wapi mwanangu?" Hataweza kujibu. Basi siku zilizobaki ni posho (ugali) na maharagwe bila sukari kwenye chai, nyumba nzima, na wewe mama mtu unakula hiyohiyo. Usimzomee mezani na usiruhusu kaka zake wamcheke. Jumamosi mpe tena 70,000 ileile. Ukiongeza 10,000 Jumatano umemfundisha kwamba pesa ikiisha kuna mtu anaongeza, na mtu mzima anayeamini hivo utamkuta kwa mkopeshaji.

Wiki ya pili mpe daftari la kurasa 96 akaandike safu nne: tarehe, kitu, pesa iliyotoka, pesa iliyobaki. Kila jioni ahesabu pesa ya mkononi alinganishe na kitabu. Isipolingana itafuteni pamoja, mara nyingi utakuta ni boda ya 1,000 au roleksi (chapati ya mayai) aliyosahau kuandika. Hapo ndo atajua vitu vidogo vinakula nini.

Baada ya hapo hesabu za rejareja zitamjia zenyewe. Mwambie anunue sukari robo robo wiki moja, wiki inayofuata anunue kilo nzima, alafu apige hesabu kilo moja ya robo robo imekuwa bei gani. Afanye hivo kwa mafuta ya kupimiwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) dhidi ya chupa ya lita, na makaa ya kopo dhidi ya gunia. Atashangaa kwamba mtu mwenye pesa kidogo ndo analipa bei kubwa, na atauliza mbona jirani hanunui gunia, ndo wakati wa kumweleza kwamba jirani si mjinga, hajapata tu pesa ya gunia kwa mara moja. Mi naona hii inafundisha heshima kwa maskini kuliko mahubiri mengi. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, pia aushike yeye, asome mita asubuhi na jioni aandike, aone pasi inakula uniti ngapi na taa ngapi, na aangalie risiti kwa nini pesa ileile haileti uniti zilezile kila mara, uniti za mwanzo wa mwezi bei yake si sawa na zinazofuata.

Kwa walio bodingi, poketi mani igawanywe kabla ya kufunga sanduku. Muhula una wiki kama 12 hivi, kama umempa 100,000 mwambie agawanye mwenyewe, itamtokea 8,300 na kitu kwa wiki. Sasa akila 20,000 kantini wiki ya kwanza anajua ameshakula ya wiki mbili na zaidi. Na siku ya kutembelewa nenda na chakula, nenda na upendo, lakini usiende na noti ya kuziba shimo. Shopingi ya shule pia aandike yeye listi, mwambie jumla isipite kiasi gani, azunguke mwenyewe sokoni na supamaketi alinganishe. Na bili ya ada aione kwa macho yake, tena aende nawe benki kulipa. Kuna watoto wanafika S.6 hawajui ada yao ni ngapi, wazazi tunawaficha tukidhani tunawalinda.

Pesa ya simu inataka somo lake peke yake. Laini imeandikishwa kwa jina la mzazi, sawa, lakini matumizi ayajue. Mtu akitoa pesa kwa wakala kuna vitu viwili vinakatwa, ada ya kampuni ambayo inaenda kwa madaraja kulingana na kiasi unachotoa, na kodi ya serikali asilimia 0.5 ya kile unachotoa. Kwa hiyo kutoa 100,000 kodi yake ni 500, ukitoa mara moja au ukitoa 20,000 mara tano kodi ni ileile, ila ada ya kampuni utailipa mara tano. Mpe kazi atafute bango la wakala asome madaraja, alafu akuambie ni bora kutoa vipi. Na pini (namba ya siri) haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejiita wa kampuni, hata mchumba. Kuna ile ya meseji kwamba pesa imeingia, sekunde mbili mtu anapiga analia, "ndugu yangu nimekosea namba nirudishie, mgonjwa yuko hospitali." Mfundishe asiamini meseji, aangalie salio kwanza, na hata kama pesa imeingia kweli asitume yeye, amwambie huyo mtu apigie kampuni yake warudishe wenyewe. Mfanyie mazoezi, mpigie siku moja kutoka namba asiyoijua ulie hivohivo uone atafanya nini.

Sisi wa mpakani na Kenya, Busia, Malaba, tuna bahati nyingine, mtoto anashika shilingi mbili tofauti siku moja, ya Uganda na ya Kenya. Mtume abadilishe pesa kidogo, aulize kwa watu watatu bei ya kununua na bei ya kuuza, aone wanaobadilisha wanaishi na ile tofauti ya katikati.

Deni sasa, na hapa naomba ukae naye na kalamu. Mwambie umekopa 100,000 kwa mtu wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi na hulipi, riba inaingia kwenye deni. Mwezi wa kwanza 120,000, wa pili 144,000, wa tatu 172,800, wa nne 207,360. Miezi minne deni limezaa lenyewe mara mbili. Aandike yeye kwa mkono, asitumie simu. Alafu mwambie mwaka 2024 serikali iliweka kikomo kwa wakopeshaji wenye leseni, asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani kwa 100,000 riba ya mwezi ni 2,800 tu, ili siku mtu akimwambia 20 ni kawaida ajue si kawaida. Mikopo midogo ya simu nayo aihesabu kwa mwaka: ukipewa 50,000 ukarudisha 54,500 baada ya siku 30 hiyo ni asilimia 9 kwa mwezi, ukizidisha kwa 12 ni 108. Kwa mtu wa biashara inayozunguka haraka inaweza kufaa. Kwa kununua viatu, hapana.

Kubeti sitazunguka. Sheria ya Uganda ya 2016 inasema mtu chini ya miaka 25 haruhusiwi kubeti, na bado kila senta ya biashara unawaona vijana wa S.3 na tiketi mkononi. Kumkataza peke yake haitoshi, mpe hesabu. Chukua tiketi ya mechi kumi, ile ambayo lazima apatie zote ndo alipwe, mkubalie kwamba yeye ni mjuzi kweli wa mpira na kila mechi anapatia mara saba kati ya kumi. Azidishe 0.7 kwa 0.7 mpaka mara kumi. Itabaki 0.028, chini ya mara tatu kati ya mia, na huyo ni mjuzi. Zile kampuni za "lete watu wawili kila mmoja alete wawili" nazo zinaanguka kwa hesabu hiyohiyo: anza na mbili uzidishe mbili kila hatua, hatua ya 26 unahitaji watu zaidi ya milioni 67 na sensa ya 2024 ilikuta Uganda nzima tuko kama milioni 45.9. Mtoto aliyepiga hiyo hesabu mwenyewe hata mjomba akija na fomu hamdanganyi.

Akiba, usimnunulie kopo la kutoboa akaweka chini ya kitanda. Mpeleke kwenye kikundi cha akiba cha kina mama akae pembeni siku ya mkutano aone sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, pesa inahesabiwa mbele ya wote, anayekopa anasema ni ya nini na kila mtu anasikia, mwisho wa mwaka wanagawana pamoja na faida. Mengi ya benki ataelewa kutoka pale. Yeye na rafiki zake wanne wanaweza kuanza ya kwao, 2,000 kwa wiki kila mmoja, kwa wiki 10 ni 100,000, na mtu mzima mmoja awe anaangalia kitabu.

Alafu kutafuta pesa. Likizo ndefu ya baada ya S.4 ni dhahabu, usiiache iishie kwenye simu. Mayai ya kuchemsha ni biashara nzuri ya kufundishia kwa sababu kosa linaonekana haraka. Tuseme trei ya mayai 30 ni 12,000, anauza yai 700. Kijana atapiga hesabu, 21,000 toa 12,000, faida 9,000, atafurahi. Sasa mkalie: makaa 2,000, chumvi na kachumbari na karatasi 1,500, mayai mawili yamepasuka. Ameuza 28, ni 19,600, matumizi 15,500, faida ni 4,100. Na ile 15,500 si yake, ni ya trei ya kesho. Vijana wengi wanakula mtaji wakidhani wanakula faida, biashara inakufa wiki ya pili wanasema wamelogwa. Weka mifuko miwili au vikopo viwili, mtaji huku, faida kule, na ile faida muachie, usimchukulie kwa kisingizio cha kumtunzia.

Kazi za mikono nazitaja haraka maana kila nyumba inajua zake. Akifika miaka 15 awe anapika chakula kamili kwenye sigiri bila kuulizia, wavulana vilevile, manake kijana asiyejua kupika atanunua chakula cha nje maisha yote na hiyo nayo ni pesa. Ajue kufua, kushona kifungo, kufunga gesi ikivuja, kubadilisha taa. Na aende kliniki mwenyewe angalau mara moja kwa ugonjwa mdogo, we ukae benchi, aeleze daktari anaumwa wapi tangu lini, aulize dawa inaitwaje na inamezwa siku ngapi.

Karatasi ni jambo kubwa. Kitambulisho cha taifa kinatoka NIRA, ofisi ya serikali ya kuandikisha watu, kuanzia miaka 16, kwa hiyo mwaka huohuo mpeleke, na kabla ya kwenda kaeni mezani na cheti cha kuzaliwa na cha PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) mlinganishe majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kina Hamisi na kingine Khamis rekebisheni sasa, maana akija kuomba chuo au kazi hizo herufi mbili zitamzungusha ofisini miezi. Awe na faili lake la plastiki, nakala za kila cheti, na picha kwenye barua pepe yake. Mkiwa mnapanga nyumba, mpe mkataba asome yeye kwa sauti kabla ya baba kusaini, aulize kila asichoelewa, na mwenye nyumba akipokea pesa kijana ndo aombe risiti.

Mwisho akipata kazi ya kwanza, soma naye karatasi ya mshahara. Wengi wanaangalia namba ya chini tu. Kama mshahara ni 500,000 NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, inakatwa asilimia 5, yaani 25,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, 50,000, kwa hiyo kila mwezi kwenye taarifa yake ya NSSF inatakiwa ionekane 75,000. Ajisajili aweze kuiona kwenye simu, aangalie kila mwezi wala asisubiri mwaka uishe, na ikikosekana mwezi hata mmoja aulize ofisini mapema, kwa maandishi, na abaki na nakala.