SOMO: Mishale ya vipande viwili ya kubeba kwenye begi (na HAPANA, boliti ya M4 haifai)

Wakuu, naandika hapa mara moja, ili atakayeuliza tena nimtumie uzi huu nami nirudi kwenye shughuli zangu. Swali ni lile lile: mshale wa inchi 29 ni karibu sentimita 74, hauingii kwenye begi. Kondakta pale Mbezi anataka uende kwenye buti chini ya magunia ya mahindi, na kwenye boti ya Unguja kila mtu anakuangalia. Dawa yake ni kuukata katikati na kuuwekea kiungo cha kuskrubu. Unabeba vipande vya sentimita 37, ukifika unavifunga, unapiga.

La sheria kwanza. Mimi napiga viroba vilivyoshindiliwa nguo chakavu, uani kwangu Goba. Kuwinda mnyamapori Tanzania ni kwa leseni, iko kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wa kuulizwa ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Usinifuate PM kutafuta njia ya mkato.

VIFAA
Mishale ya kaboni yenye tundu la ndani la mm 6.2, ndiyo rahisi kupatia inseti (kijibomba chenye thredi kinachogundishwa ndani ya mshale). Kwa kila mshale inseti mbili za aluminiamu zenye thredi ya 8-32, yaani zile zile zinazoshika chembe (kichwa cha mshale) mbele, na kipande cha boliti isiyo na kichwa, thredi hiyo hiyo. Gundi ya mirija miwili (epoksi), spiriti, msasa namba 400, nta ya nyuki au mshumaa, barakoa. Pia kipande cha pembe ya aluminiamu (ile ya umbo la L) chenye urefu wa mita moja. Nenda kwa fundi yeyote wa madirisha umwombe mabaki, wanayo mpaka yanawakera.

Sasa hiyo M4. Maduka ya Kariakoo yamejaa M4, na kila mtu anadhani ni sawa. Thredi ya 8-32 ina kipenyo cha mm 4.17 na hatua (umbali kati ya jino na jino) ya mm 0.79. M4 ina mm 4.0 na hatua ya mm 0.7. Itaingia mizunguko miwili mitatu kama vile inakubali, kisha itakwama au itatafuna aluminiamu. Ukiiona inaingia usifurahi. Kama 8-32 huipati, mpelekee fundi wa kukereza pale Gerezani akuchongee inseti zote mbili za kiungo kwa M4. Pande zote mbili M4, hapo sawa. Nusu kwa nusu, hapana.

HATUA
1. Piga mshale ukiwa mzima kwanza. Kama unayumba mzima, utayumba ukiwa vipande.

2. Toa chembe na noki (kile kishikio cha nyuma kinachokaa kwenye kamba ya upinde), pima, weka alama katikati.

3. Kata kwa kisahani chembamba cha grinda ndogo, ukiwa umezungushia tepu ya karatasi pale pa kukata. Lowanisha. Vaa barakoa, vumbi la kaboni si la kuvuta. Msumeno wa chuma unachana nyuzi, kikata bomba kinaponda.

4. Sawazisha ncha zilizokatwa. Gundisha msasa kwenye kipande cha kioo, laza mshale ndani ya pembe ya aluminiamu ili usipinde, uguse msasa huku unauzungusha. Kabla ya kuanza paka ncha wino wa maka peni. Wino ukiisha mzunguko mzima, ncha iko sawa. Ukibaki upande mmoja, endelea.

5. Safisha ndani kwa spiriti na pamba za masikio mpaka pamba itoke nyeupe.

6. GUNDI. Hapa ndipo mishale mingi ninayoletewa inapokuwa imeharibiwa, kwa hiyo soma taratibu. Watu wanagundisha inseti ya nyuma leo, ya mbele kesho, kila moja kivyake, halafu wanashangaa mshale umepinda katikati. Inseti ikikaa upande kidogo tu ndani ya tundu, huku mbele kwenye chembe kosa hilo linakuwa kubwa. Kwa hiyo zigundishe pamoja, mshale ukiwa umeungwa. Kwanza kaza boliti kwenye inseti ya kipande cha NYUMA kwa epoksi, iache ikauke kabisa. (Kwa nini nyuma? Kwa sababu kipande cha mbele ndicho kinachopotea na kuvunjika, na cha akiba kitahitaji inseti tu.) Paka nta thredi zilizobaki nje, kisha skrubu inseti ya pili mpaka mwisho. Sasa una kitu kimoja kilichonyooka. Paka epoksi kwenye miili yote miwili, chomeka vipande vya mshale huku na huku ukizungusha ili gundi ienee, futa iliyotoka. Laza mshale wote ndani ya pembe ya aluminiamu na uufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kila baada ya kiganja. Saa 24, usiguse.

Tahadhari za hatua hii:
Noki iwe imetolewa. Ukiziba nyuma, hewa iliyobanwa inaisukuma inseti nje taratibu wakati wewe umelala.
Nta isifike kwenye mwili wa inseti, gundi haishiki.
Gundi isifike kwenye thredi hizo zilizobaki nje. Ikifika umerudi kwenye mshale mzima, safari hii mzito zaidi.
Supa glue hapana. Ikikauka inavunjika kirahisi, mshtuko wa kugonga unaiachanisha.
Usipashe moto kaboni ili kutoa inseti iliyokosewa. Moto unaua utomvu ulioshika nyuzi, na kwa macho huoni kitu.

7. Zungushia uzi mwembamba na epoksi, upana wa sentimita moja, kila upande wa kiungo. Unazuia ncha isipasuke kama ua ikigonga kitu kigumu.

8. Ubingirishe juu ya meza ya kioo, utazame mwanga chini yake. Kisha piga mmoja kabla hujakata iliyobaki. Kiungo cha namna hii huongeza gramu 4 au 5 hivi, yaani greni (kipimo cha uzito wa mishale) 62 hadi 77, na kinakaza mshale pale unapotakiwa kupinda. Kwa hiyo utafanya kazi kama wenye spaini (ukinzani wa mshale kupinda) ngumu zaidi. Kabla ya kununua mishale mingine, jaribu chembe nzito zaidi. Uzito wa mbele unaulainisha.

9. Kila ukiufunga, kila mara: ukunje kidogo kwa mikono, uzungushe, ukunje tena, sikiliza. Ukilia, usiupige.

Maswali chini. Someni kwanza.

———

Mdau wa Mbagala: Mkuu somo zuri sana. Mimi nina boliti za M4 nyumbani, nikizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba si itakaza?

Mwandishi: Soma juu.

Mdau wa Mbagala: Nimesoma mkuu, ila wewe umezungumzia bila tepu.

Mwandishi: Tepu inazuia maji. Haibadilishi hatua ya thredi. Hapana.

Binti wa Kigamboni: Kaka habari za kazi. Yangu nilitengeneza mwaka jana na imenyooka vizuri, ila kwenye kiungo kunatokea unga mweupe, hasa nikirudi kupiga karibu na ufukweni. Nikifuta unarudi. Ni gundi inayotoka?

Mwandishi: Salama dada. Hilo ni swali. Sio gundi, ni aluminiamu inaliwa. Kaboni inapitisha umeme, na ukiigusanisha na aluminiamu kukiwa na maji ya chumvi, inakuwa kama betri ndogo na aluminiamu ndiyo inayoumia. Pale gundi ilipojaa vizuri inatenganisha hivyo viwili, kwa hiyo angalia kwenye ukingo wa inseti, hapo ndipo kaboni iliyokatwa inagusana nayo. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, sugua unga wote utoke, paka epoksi nyembamba kwenye mdomo wa kaboni, na kabla ya kufunga pitisha nta. Na usihifadhi vikiwa vimefungwa, vitenganishe vipumue. Ukitengeneza vingine, paka mdomo huo epoksi tangu mwanzo. Nilipaswa kuliweka kwenye hatua ya 4.

Tajiri wa Sinza: Bei gani ukinitengenezea 12?

Mwandishi: Siuzi.

Fundi Gerezani: Mimi nakereza hapa mjini, upinde sijawahi kushika ila nimependa. Nikichonga inseti yenye mwili wa mm 30 badala ya 20 si itashika zaidi? Na ukingo wake uwe kipenyo gani?

Mwandishi: Karibu sana fundi. Ndefu inashika zaidi na inakaa wima zaidi ndani ya tundu, ndiyo. Bei yake ni uzito katikati na eneo refu zaidi lisilopinda. Jaribu mm 25. Toboa katikati yake mpaka mwisho, upunguze uzito na hewa ipate pa kutokea. Ukingo uwe sawa sawa na kipenyo cha nje cha mshale, usizidi hata kidogo, kwa sababu unapita juu ya kingo ya upinde na kwa wengine juu ya ngozi ya mkono. Kisha uuchongee mfereji mwembamba mmoja miwili mwilini, gundi ipate pa kujishika. Ukifanikiwa njoo utuwekee picha, watu wataacha kunisumbua.

Mdau wa Tegeta: Za kwangu zinalegea zenyewe. Nikipiga mara kadhaa nakuta kiungo kimeachia robo mzunguko. Nta nimepaka, thredi ni 8-32 kweli, nimekaza. Nimejiuliza kama ni mtetemo au ni mshale wenyewe unavyojizungusha hewani.

Mwandishi: Umewaza vizuri. Manyoya yako ni ya bawa la kulia au la kushoto?

Mdau wa Tegeta: Nimeangalia, ni la kushoto.

Mwandishi: Ndiyo hapo. Manyoya ya bawa la kulia yakibandikwa kwa mzunguko wake, mshale unazunguka kama mshale wa saa ukiutazama kutoka nyuma. Kipande cha nyuma kinakisukuma cha mbele kuelekea kukaza, na ukigonga, mbele inasimama huku nyuma bado inataka kuzunguka, inakaza tena. Ya kushoto yanafanya kinyume: kila ukipiga unafungua nati kidogo. Si lazima ubandue yote. Weka kipete chembamba cha mpira kati ya ukingo na ukingo, kinaleta ukinzani. Ukija kubandika upya, tafuta ya kulia.

Mdau wa Tegeta: Aisee. Asante sana mkuu.

Mdau wa Ukonga: Mshale wangu nikiukunja unalia "krrr" lakini haujavunjika na hauna ufa. Naweza kuendelea nao kwenye mazoezi tu?

Mwandishi: Uvunje. Leo. Uvunje kabisa, mwingine asiuokote.

Mdau wa Ukonga: Dah, mbona unatisha watu? Mshale wenyewe nimeagiza nje, pesa nyingi.

Mwandishi: Kaboni haipindi kwanza ikakuonya kama chuma. Inapasuka wakati upote (kamba ya upinde) unasukuma, na vijiti vinaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Ulichosikia ni nyuzi za ndani zinaachiana. Kama unaona natisha, sawa, natisha. Nenda kakadirie bei ya mkono.

Mdau wa Mombasa: Mambo ya Dar! Naja huko kwa ndege mwezi ujao, nimeunda sita kwa njia hii. Naeza ingia nazo ndani ya ndege kwa vile ni fupi sasa? Na huku kwetu kuwinda nazo je, kwa shamba la mtu?

Mwandishi: Poa sana. Ufupi haubadilishi kitu, mishale inaenda kwenye mzigo wa chini, kabini hapana. Toa chembe zote uzitie kwenye kopo lake, na vipande uvitie ndani ya bomba la PVC lenye mifuniko, waambie kaunta kuna nini. Kuhusu Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, shamba la mtu au la nani. Kama una hamu hiyo, wenzetu Namibia wanaruhusu upinde kwa kibali, na wana kanuni zao za nguvu ya upinde na uzito wa mshale. Pima mshale wako na kiungo chake kabla hujafunga safari.

Mwalimu wa Iringa: Nikitoka Dar kwenda nyumbani na basi tunapita katikati ya Mikumi. Vikiwa kwenye begi kuna shida?

Mwandishi: Mwalimu, upinde na mishale ni silaha, na silaha ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, hata ikiwa vipande. Waulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa maandishi kabla, upate jibu la maandishi.

Mzee wa Podo: Wanangu, mnasafiri na manyoya yamebanwa kwenye bomba, yakifika yamelala kama mkeka. Msiyabandue. Chemsheni birika, ushikeni unyoya juu ya mvuke, sentimita kumi hivi kutoka mdomoni, mzungushe taratibu. Unainuka wenyewe.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hii ni kweli tupu, na wakati wa masika inaokoa. Ongezeni tu kwamba gundi ya manyoya isipikwe, mvuke upite kidogo na uondoe.

Mzee wa Podo: Marahaba. Kidogo tu, ndiyo.

Binti wa Kigamboni: Mzee, manyoya ya kanga yanafaa? Jirani anafuga.

Mzee wa Podo: Ni mafupi na laini, kwa mshale mwepesi wa mtoto sawa. Kwa hii ya kaboni yenye chuma katikati tafuta bata mzinga, manyoya ya bawa, na mshale mmoja uwe na ya upande mmoja tu. Usichanganye kulia na kushoto.

Mdau wa Mbagala: Nimepata 8-32. Inseti nayo lazima iwe 8-32?

Mwandishi: Ndiyo.