Mambo ya kuzingatia kabla ya kesi ya jinai kusikilizwa India

Jambo la kwanza ni kujua kesi iko chini ya sheria ipi. Tangu tarehe 1 Julai 2024 India inatumia sheria mpya ya mwenendo wa jinai, Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita ya mwaka 2023, badala ya ile ya mwaka 1973, lakini mashauri yaliyokuwa yakiendelea siku hiyo yanamalizwa kwa sheria ya zamani. Namba za vifungu zimebadilika. Hatua zenyewe zimebaki karibu zile zile.

Mapema kabisa, itafutwe nakala ya taarifa ya kwanza iliyofunguliwa kituoni, ambayo huko kila mtu huiita FIR, kwa kuwa humo ndimo mlalamikaji alimosema nini kilitokea, lini na nani alifanya, kabla ya maneno kuongezwa. Aliyekamatwa lazima aelezwe sababu za kukamatwa kwake na afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24, bila kuhesabu muda wa safari. Maelezo ambayo polisi huyaandika kwa mashahidi wakati wa upelelezi hayatiwi saini, na kukiri kosa mbele ya polisi hakuwezi kutumiwa kama ushahidi dhidi ya aliyekiri. Kwa hiyo anayelazimishwa kusaini chochote amweleze wakili wake siku hiyo hiyo. Asiye na uwezo aombe msaada wa kisheria wa bure, ambao mtu aliye mahabusu anastahili kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1987, bila kujali kipato chake.

Linalohitaji uangalifu kuliko yote ni hesabu ya siku. Polisi wakishindwa kuwasilisha hati ya mashtaka ndani ya siku 60, au 90 kwa makosa ambayo adhabu yake ni kifo, kifungo cha maisha au kifungo cha miaka 10 au zaidi, mtuhumiwa ana haki ya kupewa dhamana hata kama kosa ni zito. Siku hizo huanza kuhesabiwa siku hakimu alipoamuru awekwe mahabusu, si siku aliyokamatwa, na siku yenyewe ya amri inahesabiwa. Haki hii lazima iombwe: hati ikiwasilishwa kabla ya ombi kufika mahakamani, haki hiyo imepotea. Ndugu waandike tarehe ya amri hiyo na kumkumbusha wakili mapema, wasingoje siku ya mwisho, na wakati huo huo waandae wadhamini na nyaraka zao, kwani si ajabu mtu kupewa dhamana na kubaki ndani kwa kukosa mdhamini.

Hati ya mashtaka ikishafika, mshtakiwa hupewa bure nakala za maelezo ya mashahidi na nyaraka nyingine. Zisomwe zote kabla ya mahakama kuamua mashtaka ya kumsomea, maana huo ndio wakati wa kuomba aachiliwe kwa kuwa ushahidi hautoshi. Kesi za makosa mazito, kabla ya hatua hiyo, hakimu huzipeleka kwanza Mahakama ya Sesheni, yaani mahakama ya juu ya wilaya. Maelezo ya polisi hutumika zaidi kumbana shahidi anayejipinga, hivyo maswali ya wakili wa utetezi huandaliwa kutokana na karatasi hizo.

Upande wa mashtaka ukimaliza ushahidi wake, hakimu au jaji humuuliza mshtakiwa mwenyewe, bila kiapo, juu ya kila jambo lililosemwa dhidi yake. Haadhibiwi kwa kukataa kujibu, lakini majibu yake yanaweza kuzingatiwa katika hukumu, na anaruhusiwa kuyatoa kwa maandishi, njia ambayo naiona bora kwa mtu anayebabaika akisimama mbele ya watu. Mashahidi wa utetezi hufuata, kisha hoja za mwisho na hukumu.

Akitiwa hatiani, husikilizwa tena kuhusu adhabu, kwa hiyo vyeti vya hospitali na uthibitisho wa wanaomtegemea viwe tayari. Akifungwa, hupewa nakala ya hukumu bila malipo. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu kwa kawaida ina siku 60, na ile ya mahakama nyingine siku 30.