Orodha ya "vitabu bora" dukani

Ukiikuta orodha hiyo imebandikwa katika duka la vitabu hapa Malindi, muulize kwanza muuzaji: imepangwa kwa mauzo au kwa chaguo la wasomaji? Ya mauzo, hasa Januari shule zinapofunguliwa, hujaa vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa kwa mtihani. Mwanafunzi hana hiari ya kutovinunua, kwa hivyo wingi huo haupimi utamu. Viondoe kwenye hesabu yako. Kwa vinavyobaki, usihukumu kwa ukurasa wa kwanza, ndio uliopigwa msasa zaidi; fungua katikati, usome kurasa 3. Halafu tazama ukurasa wa haki za mchapishaji: chapa kadhaa za miaka mbalimbali zaonyesha kitabu bado chatafutwa. Fungua jalada polepole pia; mgongo ukitoa mlio wa kupasuka, huenda gundi imekauka na kurasa zitachomoka.